Padre Horner na Miembe ya Bagamoyo

Msafiri afikaye Bagamoyo, akiisha kuuacha mji mkongwe nyuma yake na kuelekea upande wa kaskazini, hukuta njia iliyonyooka yenye miembe mikubwa kulia na kushoto. Njia hiyo yatoka pwani, unaposimama msalaba, nayo yaenda mpaka misioni. Miembe hiyo ilipandwa mwaka 1871. Chini ya kivuli chake wamepita mapadre na wachukuzi, watoto wa shule na maaskofu, maharusi na majeneza. Wapitaji husifu ubaridi wake, hujifuta jasho, hupumzika kidogo, kisha huenda zao. Ni wachache wanaouliza ni nani aliyetaka miti hiyo ipandwe, hali alijua ya kuwa kivuli chake kitawafaa watu wengine, si yeye.

Juma hili twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu huyo, aliyekuwa mkuu wa misioni ya Bagamoyo siku zile. Jina lake ni Padre Antoine Horner, wa Shirika la Roho Mtakatifu. Hatumsimulii kwa sababu alitenda miujiza, wala kwa sababu Kanisa limemweka katika hesabu ya watakatifu wake. Twamsimulia kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa ya jembe na nyundo, ya kengele na sufuria ya uji, na katika vitu hivyo vya kila siku alimtumikia Mungu. Nasi tulio wengi, baba na mama wa nyumba, wakulima, walimu na wachuuzi, hatuna vitu vingine vya kumtumikia Mungu ila vya namna hiyo.

Padre Horner alizaliwa mwaka 1827 katika nchi ya Alsace, mashariki ya Ufaransa, mpakani mwa Ujerumani. Nchi hiyo hiyo ndiyo iliyomzaa Padre François Libermann, mwana wa rabi wa Kiyahudi, aliyeongoka akabatizwa, kisha akakusanya mapadre wa kwenda kuwatumikia watu weusi waliodharauliwa na ulimwengu. Mwaka 1848 wafuasi wa Libermann waliunganishwa na Shirika la Roho Mtakatifu, lililoanzishwa Paris mwaka 1703. Horner aliingia katika shirika hilo, akapewa upadre, akatumwa kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi.

Katika kisiwa cha Réunion utumwa ulikuwa umefutwa mwaka ule ule wa 1848. Basi padre kijana alianza utume wake katika nchi ambayo maelfu ya watu, jana walikuwa mali ya bwana, na leo walikuwa huru kwa sheria, lakini wengi wao hawakuwa na shamba, wala ufundi, wala heshima machoni pa watu. Twaona katika kazi zake za baadaye kwamba somo hilo lilimwingia. Alifahamu ya kuwa kumfungua mtu mnyororo ni mwanzo tu wa kazi. Aliyefunguliwa ataka pa kulala, chakula, kazi ya mikono, jirani mwema, na neno la Mungu la kumwambia yeye ni nani.

Mwishoni mwa mwaka 1860 Padre Armand Fava alikuwa amefika Unguja kutoka Réunion pamoja na mapadre wenzake na masista, akaanza hospitali, shule na karakana. Mwaka 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu, na mwezi wa Juni Padre Horner akafika kuwa mkuu wake. Alikuja pamoja na Padre Étienne Baur na mabruda wawili.

Wakati huo Unguja ilitawaliwa na Seyyid Majid. Soko la watumwa lilikuwa wazi kule Mkunazini, mahali ambapo baadaye palijengwa Kanisa Kuu la Waanglikana. Majahazi yalileta watu kutoka Kilwa na bandari nyingine za pwani, watu waliotekwa katika nchi za Ziwa Nyasa na mbali zaidi. Wenye nguvu waliuzwa kwa bei kubwa. Watoto wadogo, wagonjwa na waliodhoofika kwa safari waliuzwa kwa bei ndogo, na wengine hawakupata mnunuzi. Kwa watoto hao ndiko Padre Horner alikogeuzia uso wake.

Fedha za kuwakomboa zilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwa watoto wenzao. Mwaka 1843 Askofu Forbin-Janson alikuwa ameanzisha huko Ufaransa chama cha Utoto Mtakatifu, ili watoto Wakristo wawasaidie watoto wa nchi nyingine kwa sala na kwa senti zao. Senti hizo ndogo zilivuka bahari, zikawa bei ya uhuru wa mtoto aliyesimama sokoni Unguja. Wazazi ambao watoto wao leo huvaa skafu ya Utoto Mtakatifu na kutoa shilingi zao Jumapili, na walijue jambo hili. Shirika lile lile wanaloliona parokiani pao ndilo lililoshiriki kuweka msingi wa Kanisa katika nchi yetu. Mtoto wa Ulaya aliyejinyima peremende hakujua mwenzake anaitwa nani, wala hakumwona kamwe hapa duniani.

Yafaa tuseme ukweli wote, kwani habari za wamisionari zikisimuliwa kwa sifa tupu hazimfundishi mtu. Kununua watumwa ili kuwaweka huru kulikuwa jambo gumu. Walikuwako watu, hata zama zile, waliosema ya kwamba anayenunua humnenepesha muuzaji, na kwamba fedha ya padre katika mkono wa mfanyabiashara ni fedha kama nyingine. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Kwa upande mwingine alisimama mtoto mwenyewe, mwenye homa, mwenye vidonda vya miguu, naye hakuweza kungoja mpaka wakubwa wa ulimwengu wapatane. Padre Horner alichagua kumchukua mtoto. Soko lenyewe lilifungwa mwaka 1873, katika utawala wa Seyyid Barghash, kwa mkataba uliotakwa kwa nguvu na Waingereza. Mtoto aliyeuzwa mwaka 1864 angengoja miaka tisa.

Unguja ilikuwa nyembamba kwa kazi hiyo. Watoto waliongezeka, ardhi ilikuwa haba, na macho ya Padre Horner yalikuwa yakitazama bara. Mwaka 1866 alivuka, akaizuru pwani, akafika Bagamoyo. Mji huo ulikuwa mlango wa misafara. Wachukuzi Wanyamwezi waliteremka kutoka Tabora na pembe za ndovu mabegani, wakaingia Bagamoyo wakiwa wamechoka na wenye furaha. Wengi husema ya kwamba jina la mji latokana na kubwaga moyo, maana hapo mchukuzi alitua mzigo na roho yake ikatulia. Wengine husema aliyebwaga moyo hapo ni mtumwa, aliyejua ya kuwa akiisha kupanda jahazi hatarudi tena kwao. Maelezo yote mawili yanafanana na maisha ya mji ule. Njia moja ilikuwa ya furaha kwa mmoja na ya kilio kwa mwingine.

Tarehe 4 Machi 1868 misioni ilianzishwa Bagamoyo. Kwa ruhusa ya Sultani, wakuu wa pale waliwapa wamisionari nchi upande wa kaskazini ya mji. Haikuwa shamba, ilikuwa pori. Basi kazi ya kwanza ya Injili katika bara letu la Tanzania, kwa jinsi tunavyoihesabu sisi Wakatoliki, ilikuwa kufyeka. Mapadre, mabruda na vijana waliokombolewa walikata miti, waling'oa visiki, walichimba udongo, walijenga kwa miti na makuti. Walipanda minazi, mihogo, mboga na miti ya matunda. Walileta mbegu za kahawa kutoka Réunion. Kahawa hiyo haikuishia Bagamoyo. Katika miaka ya 1890 wamisionari wa shirika hilo waliipeleka Kilimanjaro, ikapandwa Kilema, ikaenea milimani. Ni wangapi kati ya wasomaji wetu waliolipiwa karo ya shule na baba aliyeuza kahawa! Baba huyo alichuma tunda lililoanzia katika kitalu cha watu waliokuwa wamekombolewa utumwani.

Tusidhani ya kwamba mambo yalikwenda vema tu. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kililipiga Unguja na pwani, kikaua watu wengi mno. Mwaka 1870 vita vilizuka Ulaya kati ya Ufaransa na Prussia. Misaada kutoka Ufaransa ikapungua sana, na vita vilipokwisha mwaka 1871 nchi ya Alsace ilichukuliwa na Ujerumani. Padre Horner, aliyekuwa akiwatunza watoto walionyang'anywa kwao, alisikia akiwa mbali ya kuwa nchi yake mwenyewe imebadilishwa bwana. Na ni katika mwaka huo wa 1871 miembe ilipandwa. Fedha hakuna, habari za kwao mbaya, makaburi mapya yako karibu, lakini mashimo yakachimbwa na miche ikatiwa maji.

Mwaka uliofuata, tarehe 15 Aprili 1872, tufani kubwa ilitoka baharini. Unguja ilizamisha majahazi na kung'oa mikarafuu kwa maelfu. Bagamoyo upepo uliangusha karibu yote yaliyokuwa yamejengwa kwa miaka minne. Mtu aliye mzima wa akili angeweza kusema, imetosha. Padre Horner na wenzake walianza tena, na safari hii walijenga kwa mawe. Sehemu ya majengo ya miaka iliyofuata ingaliko, na wageni huyatazama. Kama tufani isingalikuja, labda wangaliendelea kuishi chini ya makuti kwa muda mrefu.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyekuja kwa Sultani kwa ajili ya biashara ya watumwa, aliizuru misioni. Yeye hakuwa Mkatoliki, wala hakuwa na sababu ya kuwapendelea Wafaransa. Hata hivyo aliisifu misioni ya Bagamoyo mbele ya serikali yake kuwa mfano unaofaa kufuatwa. Aliona watoto wakijifunza kusoma, na pia useremala, uhunzi, uashi na kilimo. Baada ya hapo, manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi ya watumwa, baadhi ya waliookolewa waliletwa Bagamoyo. Na mwezi wa Februari mwaka 1874, Chuma na Susi na wenzao walipoufikisha pwani mwili wa Dr. Livingstone baada ya kuuchukua kutoka moyoni mwa bara, ulilazwa katika misioni hiyo kabla ya kuvuka kwenda Unguja. Mzee aliyeipigia kelele biashara ya watumwa alipumzika katika nyumba ya watoto walionusurika nayo.

Watoto hao walikua. Vijana na wasichana wa misioni walioana kwa Sakramenti, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji kilichoitwa Kijiji cha Uhuru. Mwaka 1870 Padre Horner alikuwa amesafiri mpaka Ukami kutazama nchi, na mwaka 1877 misioni ya kwanza ya ndani ilifunguliwa Mhonda, katika milima ya Nguru. Familia za Kikristo kutoka Bagamoyo zilikwenda pamoja na mapadre kuanza maisha huko. Kwa maneno mengine, waliokuja pwani wamefungwa walirudi bara wakiwa waume na wake, wenye jembe mkononi na rozari shingoni. Hao ndio wahubiri wa kwanza, ingawa majina yao hayakuandikwa katika mawe.

Hapa pia yatupasa kusema ukweli. Maisha ya misioni yalikuwa na amri kali. Kengele iliwaamsha, kengele iliwapeleka shambani, kengele iliwalaza. Waliokombolewa hawakuulizwa sana wanataka nini. Wengine waliona ya kuwa uhuru wa namna hiyo ulikuwa mwembamba, wakatoroka. Wamisionari walihuzunika, na pengine hawakuelewa. Padre Horner alikuwa mtu wa karne yake. Aliwapenda watoto wake kama baba, lakini baba wa siku zile alikuwa mwenye amri nyingi na masikio machache. Sisi tunaosoma habari hizi baada ya zaidi ya miaka 150 tusimhukumu kwa haraka, wala tusifiche kosa. Mtu aweza kumtoa mwenzake utumwani kwa moyo safi, kisha akasahau kumwuliza jina alilopewa na mama yake.

Afya ya Padre Horner ilidhoofika kwa homa na kazi. Alirudi Ufaransa, akafa mwaka 1880 katika mji wa Cannes, pwani ya kusini ya nchi hiyo, akiwa na umri upatao miaka 52. Katika makaburi ya misioni Bagamoyo wamelala wamisionari wengi, baadhi yao vijana waliofariki mapema mno baada ya kufika. Mwanzilishi mwenyewe hayumo. Alikufa akiisikia bahari nyingine. Miembe yake ilikuwa na miaka tisa tu.

Mazao yake yalionekana baadaye. Mwaka 1888, pwani yote ilipoinuka chini ya Bushiri bin Salim kuwapinga Wajerumani, Bagamoyo ilishambuliwa na kuchomwa. Maelfu ya watu walikimbilia misioni, Waislamu na Wakristo na wasio na dini hizo, nao wakapokewa. Misioni haikuguswa, na Padre Baur aliweza kusema na pande zote mbili. Imani ya namna hiyo haipatikani siku ya vita. Ilikuwa imekusanywa kidogo kidogo kwa miaka 20, kwa dawa iliyotolewa bila kuuliza dini, kwa salamu ya asubuhi, kwa deni lililolipwa kwa wakati wake, kwa jirani aliyezikwa kwa heshima. Mwaka 2018 Kanisa la Tanzania lilikusanyika Bagamoyo kuadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji wa bara, na mwaka 2025 Bagamoyo ikafanywa jimbo lenye askofu wake.

Hayo ndiyo maisha ya Padre Horner kwa ufupi. Sasa tujiulize, yatufundisha nini sisi tusiofyeka pori wala kukutana na wafanyabiashara wa watumwa? Twaona mambo matatu.

La kwanza ni kokwa ya embe. Wazazi wengi siku hizi wamekata tamaa kwa sababu hawaoni matunda. Baba amefundisha watoto sala, na mwanawe mkubwa amekwenda mjini asiende tena kanisani. Mama ameweka akiba ya vikoba, na ugonjwa mmoja umeimaliza. Mwalimu wa dini amefundisha darasa miaka kumi, na wanafunzi wake wampita njiani bila kumwamkia. Kokwa haina kelele. Huwekwa gizani, huoza ganda, na mwenye kuipanda huondoka. Bwana Wetu alipotaka kuufananisha Ufalme wa Mungu, hakuchukua mfano wa jumba la mfalme, alichukua mbegu. Tukipanda lililo jema, tumwachie Mungu kivuli kimfae nani.

La pili ni kengele. Mabruda wa Bagamoyo hawakuweza kushinda kanisani. Kulikuwa na mawe ya kubeba na watoto wa kulisha. Kengele ya Malaika wa Bwana ilipolia, jembe lilisimama, kofia zikavuliwa, Bikira Maria akasalimiwa, kisha jembe likaendelea. Sala iliingia katika kazi kama chumvi katika mboga. Nyumba ngapi za Kikatoliki leo zinangoja wakati wa nafasi ili zisali, na nafasi haiji! Anayechota maji na asali anapongoja zamu yake bombani. Anayepanda daladala alfajiri na aikabidhi siku yake kwa Mungu kabla ya kufika kituoni. Mama anapopeta mchele na kutoa chuya, na ajiulize moyoni ni chuya gani iliyobaki katika siku yake. Hatuhitaji kwenda mbali kumtafuta mwalimu wa roho. Ungo ni mwalimu, bomba ni mwalimu, foleni ni mwalimu wa uvumilivu aliye mkali kuliko wote.

La tatu ni zito kuliko hayo mawili, nalo ndilo lililotufanya tuchukue kalamu. Ni habari ya mtoto.

Karibu na kanisa la kale la Bagamoyo pana mbuyu mkubwa. Husimuliwa ya kuwa zamani bibi mmoja Mfaransa aliyehudumia wagonjwa alizoea kufunga punda wake hapo kwa mnyororo. Mnyororo ukasahauliwa, mti ukakua ukaumeza, na leo pete chache tu zaonekana zikitoka katika gome. Watoto hufurahi kuutazama. Sisi tulipousimamia hivi karibuni hatukuweza kucheka. Tulifikiri ya kwamba hivyo ndivyo mnyororo unavyofanya hata katika nyumba. Mara ya kwanza waonekana wazi, na kila mtu asema si vema. Kisha nyumba yauzoea, yaumeza, na hakuna auonaye tena.

Katika nyumba nyingi za mijini, na nyumba zetu Wakatoliki zimo, yuko msichana aliyeletwa kutoka kijijini kufanya kazi. Wengine huja kwa hiari na huishi vizuri, hulipwa, huheshimiwa, na waajiri wao wana thawabu yao kwa Mungu. Lakini twawajua wengine. Huamka wa kwanza, hulala wa mwisho. Hula yaliyobaki, akiwa amesimama jikoni. Mshahara wake hupelekwa kwa mtu mwingine, au huwekwa na mama wa nyumba mpaka usahauliwe. Jumapili familia yote huvaa nguo nzuri kwenda Misa, naye huachwa kulinda nyumba na kupika chakula cha mchana. Watoto wa nyumba walio wadogo kwake humwita kwa jina tupu, tena kwa ukali, nao hawakemewi. Na wako walioletwa wakiwa wadogo mno, hali sheria ya nchi yetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14.

Mtu atasema, huyu si mtumwa, hakununuliwa sokoni. Kweli, hakununuliwa. Lakini ndugu msomaji, twakusihi ufikiri. Mtoto wa Unguja aliachishwa mama yake kwa nguvu ya bunduki, na huyu ameachishwa mama yake kwa nguvu ya umaskini. Watoto wa Ulaya walijinyima peremende ili mtoto wasiyemjua awe huru. Sisi tunamjua huyu, tunakula chakula kilichopikwa kwa mikono yake, na tumepungukiwa hata na neno la ahsante. Tutakwendaje kusifu msalaba wa pwani ya Bagamoyo?

Hatusemi haya kumwaibisha mtu. Katika chumba chetu cha habari tulipozungumza juu ya jambo hili, mmoja wetu alinyamaza kitambo, kisha akakiri ya kuwa msichana wa nyumbani kwake amekaa naye miaka miwili, naye hajui kijiji chake wala jina la baba yake. Sote tulijiona katika maneno yake. Kosa la mapadre wa kale, la kutenda mema bila kuuliza, nasi tunalo. Tena sisi hatukutenda hata nusu ya mema yao.

Basi tuanze kwa mambo madogo, kama wao walivyoanza kwa kufyeka. Leo jioni, chakula kikiwa tayari, baba wa nyumba na amwalike binti huyo akae mezani au mkekani pamoja na wengine. Mama na amwulize habari za kwao, jina la mama yake, na siku aliyobatizwa kama amebatizwa. Mshahara wake na uhesabiwe mbele yake na utiwe mkononi mwake. Jumapili ijayo wapangiane zamu ya kubaki nyumbani, ili naye aende Misa, au akapumzike kwa kadiri ya dini yake ikiwa si Mkristo. Ikiwa ni mtoto wa kuwa shuleni, na arudishwe shuleni, na familia ijinyime kwa ajili hiyo. Watoto wetu na wafundishwe kumwita dada.

Wako watakaosema mambo hayo ni madogo mno kwa ukurasa wa tahariri. Hata kokwa ya embe ni ndogo, na shimo lake halizidi urefu wa kiganja. Mtu mmoja aliyekuwa na homa, asiye na fedha, mwenye habari mbaya kutoka kwao, alitaka ichimbiwe shimo mwaka 1871. Akienda Bagamoyo mmoja wetu wakati wa jua kali, na asimame chini ya miembe ile, amwombee Padre Horner na wote waliokombolewa pamoja naye, kisha arudi nyumbani akamtazame vema mtu anayemfungulia mlango.